Leta Mkono Wako

Kila alasiri akitoka shule, Kiherehere hukaa karibu na meza ya mama yake, fundi cherehani, akikata nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake hutangulia. Siku hiyo dada yake, mwanafunzi wa chuo cha uuguzi, alikuwa ameinamia karatasi, kalamu mkononi, na haandiki kitu.

Chuoni kwao hawatoi alama kama za shule. Kila kazi ina visanduku viwili tu: "Ameweza" na "Bado". Ukiziweza zote, unahitimu.

"Kumtundikia mtoto dripu," Kiherehere alisoma. "Mbona hapa pako wazi?"

"Sijawahi kuifanya. Mkono wa plastiki wa kujifunzia ulipasuka mwaka jana, na hospitali hatupelekwi. Mwalimu anasema kila mtu ajitilie tiki, yeye atasaini. Usipotia, unarudia mwaka na kulipa ada upya."

Mama akasimamisha cherehani. Kwa ada ya mwaka huu mama alikuwa ameuza cherehani yake ya pili.

"Tia tu, dada, yaishe. Wenzako si wametia?"

Dada akatoa sindano mkobani, ingali ndani ya karatasi yake. "Haya. Leta mkono wako."

Kiherehere akaficha mikono yote miwili mgongoni. "Mimi? Wewe si hujui?"

"Karatasi itasema nimeweza. Na huyo mtoto wa hospitali ataficha wapi mikono yake?"

Kiherehere akaokota mkasi wake, akarudi kwenye nyuzi.

Mama hakucheka. "Nipe risiti ya ada," alisema. Akaisoma taratibu, kidole chake kikasimama kwenye maneno mawili: mazoezi hospitalini. "Kumbe tulilipa. Halafu wanataka tulipe tena, au mwanangu aseme uongo."

Jumamosi wote watatu waliingia ofisini kwa mkuu wa chuo.

"Mama, vifaa ni ghali siku hizi," mkuu alianza. "Wanafunzi wengine wote hawajalalamika."

"Mimi ni fundi, mwalimu. Mteja akiniletea kitambaa na hela, nikampa picha ya gauni, ataniita nani?"

"Mwizi," Kiherehere alijibu kabla ya mtu yeyote.

Dada akamfinya. Mkuu akaitazama ile risiti, akaitazama na karatasi yenye kisanduku kitupu. Alivuta simu, akampigia muuguzi mkuu wa hospitali pale pale, mbele yao, kumwomba nafasi za mazoezi.

Kuanzia wiki iliyofuata, wanafunzi wote walipelekwa wodini kwa zamu, muuguzi akisimama pembeni, na hakuna aliyelipa tena. Dada alikosea mara ya kwanza. Alikosea na ya pili. Mwezi ulipoisha alirudi na karatasi iliyosainiwa na muuguzi aliyemwona akifanya.

Kiherehere akakunja mkono wa sare yake. "Haya, sasa nidunge."

"Huumwi wewe. Shika mkasi wako."

Mama akauma uzi, akamgeukia mwanawe mdogo. "Chuo kikichukua ada, kifundishe. Na sisi tukidai haki yetu, tusiidai kwa uongo. Kabla hujamwambia mtu atie tiki, jiulize kama uko tayari kumpa mkono wako."