Mama Ananawisha Wageni

Adhuhuri moja mwanamke nisiyemjua aliingia ghafla katika kibanda chetu cha chakula, mtaa wa Hai Cinema, akaketi na kukunja mikono ya blauzi yake. Nilimkimbilia na jagi na beseni ili nimnawishe.

"Mama mwenyewe hanawishi wageni?" akauliza.

"Ameungua na mafuta," nikajibu upesi, kama nilivyowajibu wateja wote.

Alimtazama mama pale jikoni. Mikono ya mama ilikuwa na mabaka mekundu yenye magamba meupe.

"Huko si kuungua, mwanangu. Mimi ni muuguzi, naitwa Poni. Mama, njoo uketi kidogo."

Mama alikuja akijifuta kwa aproni. Sista Poni akaishika mikono yake yote miwili bila woga. Kwa miezi mingi hakuna aliyeishika, hata mimi.

"Ilianza lini?"

"Ni ya zamani, Sista. Ila imezidi tangu mama yangu azikwe kwetu Masaka, Uganda, nami niko huku Juba. Sikulia. Nani angepika?"

"Inaonekana ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Haiambukizi kabisa. Lakini huzuni na wasiwasi huweza kuichochea, kama upepo na makaa. Njoo kliniki upimwe, upate dawa ya kupaka. Na huyo marehemu, msimulie binti yako habari zake." Akanigeukia. "Na wewe, binti, wakikuuliza tena kuhusu mikono hii?"

"Nitasema kweli," nikaahidi.

Jioni ile mama alinisimulia jinsi Jajja, bibi yangu, alivyoimba akimenya matoke. Alilia, kisha akacheka.

Majuma yakapita, mabaka yakaanza kufifia. Siku moja mama akachukua jagi mwenyewe. Waendesha bodaboda wanne walikuwa wamekaa.

"We Pearl!" akaita Laku, mcheshi wao. "Mafuta gani hayo yasiyopona?"



"Si mafuta, mjomba. Ni ugonjwa wa ngozi, na hauambukizi. Nilikudanganya."

Laku akarudisha mikono mfukoni, akainuka. Wawili wakamfuata. Tombe peke yake akabaki, akanyoosha viganja juu ya beseni.

"Nimiminie, mama. Njaa yangu haisikilizi uvumi."

Mama akammiminia maji. Sijawahi kuona ujasiri kama ule.

"Wameondoka kwa sababu yangu," nikanong'ona.

"Nimewaona," mama akasema. "Dawa napaka kila siku, Pearl. Lakini kila uliposema 'mafuta', moyo wangu ulijikunja na ngozi ikawasha. Usimfiche mgonjwa kana kwamba amekosa. Haya, peleka chakula."

Nikapeleka sahani moja, mahali pa sahani nne.