Rili Iliyozunguka Kinyumenyume

Kila siku akitoka shule, kazi ya kwanza ya Sisimizi ilikuwa kumkanda bibi yake mkono. Alichemsha maji, akatia chumvi, akachovya kitambaa na kukizungusha kwenye kifundo cha mkono wa kulia, pale palipovunjika na kuunga vibaya. Jina lake hasa lilitumika shuleni tu. Nyumbani na mtaani walimwita Sisimizi kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na hakujua kukaa kitako.

"Taratibu, mke mwenzangu," bibi alisema siku hiyo. "Huo ni mkono, si nguo ya kufua."

"Mkono wenyewe mifupa mitupu. Babu akikuona hivi atakuacha, abaki na mimi."

Utani huo ulimponyoka kabla hajaufikiria. Bibi hakucheka. Alitazama mlangoni, vilipokuwa viatu vya mpira vya babu. Msimu wa mvua uliopita vilikutwa ukingoni mwa mto, vimepangwa vizuri, lakini mwenyewe hakuonekana tena. Wenye busara zao walisema aliingia majini kunasua mshipi akateleza kwenye shimo lenye kina. Bibi alivileta viatu nyumbani, akaviweka mlangoni, na hakuna aliyethubutu kuvisogeza.

Tangu hapo bibi alivua peke yake. Mto ule ulishuka kutoka mlimani, maji yake yakiwa baridi ya kuuma meno, na ndani yake mlikuwa na trauti, samaki wenye madoadoa ambao mpishi wa nyumba ya wageni alikuwa tayari kuwachukua wote. Shida ilikuwa rili, yaani kile chombo chenye mkono wa kuzungusha kinachokunja mshipi. Rili ya babu ilikuwa ya chuma, iliyotengenezwa kwa samaki wakubwa wa ziwani. Kila bibi akiizungusha, kifundo kilivimba. Daktari alimwambia wazi kwamba atafute kitu chepesi au aache kuvua. Na bibi akiacha kuvua, jiko lao litawashwa kwa pesa gani?

"Nenda kwa fundi baiskeli," bibi alisema akikunja kitambaa. "Ana rili chache za kuuza. Zitazame, mimi nakuja nyuma yako kidogo kidogo. Tunataka nyepesi, na bei yake isitumalize."

Karakana ya fundi baiskeli ilikuwa nyembamba na yenye giza hata mchana. Magurudumu yalining'inia darini, na upepo ukipita yalizunguka yenyewe bila sauti. Fundi alikuwa uani akitafuta tundu kwenye mpira wa ndani. "Ziko hapo mezani, mwanangu," aliita. "Tazama, ila usizichezee."

Zilikuwa tatu. Ya kwanza nyekundu, yenye kung'aa. Ya pili ya plastiki, ukiitikisa inalia. Ya tatu ndogo, ya kijivu, haina mbwembwe yoyote. Sisimizi aliipima hii ya kijivu kiganjani, ikawa kama hakubeba kitu. Alizungusha mkono wa rili mbele, ukaenda laini. Alijaribu kuurudisha nyuma, ukakataa kabisa. Basi akaanza kuirusha na kuidaka, mara moja, mara nyingine, na mara iliyofuata ikampita vidoleni ikaanguka kwenye sakafu ya saruji.

Aliiokota haraka. Haikuwa na mkwaruzo. Lakini ndani yake kitu kililia *tik*, na alipoujaribu tena mkono, ulirudi nyuma bila kukataa. Uani, fundi alikuwa bado anapiga pampu. Sisimizi aliifuta rili kwa sketi ya shule, akairudisha mahali pake na kusogea mbali na meza.

Bibi aliingia akihema. Alizipima rili zote, moja baada ya nyingine, akiwa amefumba macho.

"Bibi, nyekundu ndiyo nzuri," Sisimizi alisema upesi.

"Nzuri ya kutazamwa. Mkono wangu hauna macho." Bibi aliiweka pembeni. "Nzito hii. Na hii ya plastiki inacheza, haifiki mwezi." Aliishika ya kijivu, akaizungusha mbele, akatabasamu. "Hii hapa. Fundi, vipi hii?"

"Mama, kwa trauti hutaki zaidi ya hiyo," fundi alijibu, akipangusa mikono. "Wengine huniuliza ina gololi ngapi ndani, kana kwamba samaki atazihesabu. Wewe tazama iwe nyepesi, izunguke laini, na breki yake iachie mshipi mwembamba kabla haujakatika. Nimeijaribu mwenyewe asubuhi. Mbele inakwenda, nyuma haiendi hata kwa dawa."

Sisimizi alifungua kinywa, akakifunga. Bibi alilipa, na bei haikumuumiza.

Nyumbani, bibi aliifunga rili mpya kwenye fimbo, akailaza fimbo juu ya misumari miwili ukutani, ncha yake ikielekea mlangoni. Kwenye ncha kilining'inia kijiko, kile kipande cha bati kinachong'aa kinachomdanganya samaki. Alasiri ukungu ulipanda kutoka mtoni kama ilivyokuwa kawaida ya mtaa ule, ukajaa dirishani mpaka nyumba ya jirani ikafutika. Walikuwa wamekaa kimya, bibi akishona, Sisimizi akifanya hesabu, walipoisikia.

*Tik. Tik. Tik.*

Mkono wa rili ulikuwa unazunguka. Hakuna aliyeushika. Ulizunguka kinyumenyume, polepole, ukisimama na kuendelea tena, na kijiko kilishuka kutoka nchani hewani, kikizunguka na kumetameta, kikashuka, kikashuka, hadi kikaingia ndani ya kiatu cha babu na kutulia.

Sindano ya bibi ilianguka. Aliinuka, akaenda akaushika ule mkono. Aliusukuma nyuma, ukakataa. Aliusukuma tena, ukakataa.

"Umeona?" alinong'ona. "Mimi nikiugusa haurudi. Na fundi kasema haurudi." Macho yake yalijaa machozi, lakini alikuwa anacheka. "Babu yako alikuwa na mazoea yake. Kila akitundika fimbo, lazima auzungushe mkono nyuma kidogo, eti mshipi upumzike. Nilimgombeza miaka yote. Nani mwingine hufanya hivyo?"

Sisimizi alijua ni nini kilichoanguka na wapi. Hata hivyo maswali hayakumwacha. Mbona bibi akiushika unakataa? Mbona kijiko kimeshukia kwenye kiatu, na nafasi yote ile ya sakafu ipo? Alijiambia ni ule mwanguko tu, na alipojiambia hivyo alitazama kiatu na kuona aibu na hofu pamoja.

Siku zilizofuata, nyumba ilibadilika. Bibi aliacha kulia usiku. Alijitanda khanga mpya ndani ya nyumba, akamimina chai vikombe vitatu, na alasiri ukungu ulipofika alivuta kiti karibu na mlango akangoja. Baadhi ya siku rili ilinyamaza. Siku nyingine ilianza yenyewe, *tik, tik*, na bibi aliisemesha kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea na mwenzake aliyechoka kazini. Kikombe cha tatu kilipoa bila kuguswa. Sisimizi alikimwaga kila jioni, na kila jioni alisema moyoni kwamba kesho atasema. Lakini angeanzaje? Bibi hakuwa na furaha namna ile tangu msiba.

Jumamosi asubuhi walikwenda mtoni. Ukungu ulikuwa mzito hata ng'ambo haikuonekana, na maji yalisikika kabla ya kuonekana. Walisimama kwenye mawe ya maji mafupi, mahali pao pa siku zote. Bibi alirusha. Kijiko kiliruka, kikamezwa na ukungu, na baada ya kitambo wakasikia kikitua majini.

"Nyepesi, mwanangu," bibi alisema. "Mkono hauumi hata kidogo."

Halafu mkono wa rili ulimtoka kwenye vidole. Ulianza kuzunguka kinyumenyume, na safari hii haukusimama. Mshipi ulitoka ukielekea chini ya mto, kule kwenye shimo.

Bibi hakuuzuia. Alivua viatu, akavipanga vizuri juu ya jiwe, akaingia majini.

"Bibi, unakwenda wapi?"

"Ananivuta. Tazama mshipi, Sisimizi. Anataka nishuke." Sauti yake ilikuwa tulivu, na ndiyo iliyomtisha mtoto kuliko yote. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Ukungu ulianza kumla mabega.

Sisimizi alitaka kukimbia kumwita mtu, lakini hapakuwa na mtu. Alitaka kusema "rudi", akajua bibi hatarudi kwa neno hilo.

"Si babu!" alipiga kelele. "Bibi, si babu! Ni mimi! Niliiangusha dukani! Niliiangusha kwenye saruji ikavunjika ndani, nikairudisha mezani nikanyamaza! Inarudi nyuma kwa sababu yangu! Maji ndiyo yanayovuta, hakuna mtu!"

Bibi alisimama. Maji yalimzunguka kiunoni. Hakugeuka.

"Umesemaje?"

"Niliiangusha, bibi. Nilikuwa naichezea." Sisimizi alikuwa analia kwa sauti sasa. "Nilitaka kukwambia, nikaona umefurahi."

Mshipi uliendelea kutoka. Bibi aliutazama kwa muda mrefu, na Sisimizi aliona mabega yake yakianza kutetemeka, kwanza kidogo, kisha sana. Mwishowe bibi aliushika mshipi kwa kiganja, akauzungusha kwenye kiwiko, na akarudi nyuma hatua kwa hatua akiuvuta. Alipofika kwenye mawe walitazama kilichokuwa mwishoni. Kilikuwa kijiko, na unyasi wa mtoni ulioning'inia kwenye ndoana. Bibi aliunasua ule unyasi, akauacha uende na maji. Kisha akaketi juu ya jiwe na kumlilia mumewe kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mjukuu. Sisimizi alimkumbatia mgongoni, wote wawili wakilowa.

Mchana huohuo walikuwa mbele ya meza ya fundi baiskeli. Bibi hakumsemea. Alimsukuma mbele kidogo tu, na Sisimizi akaeleza mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, akitazama sakafu ileile ya saruji.

Fundi alifungua rili kwa bisibisi ndogo. Ndani, springi nyembamba kama kope ilikuwa imetoka kwenye kitako chake. "Huyu ndiye mchawi wenu," alisema akiionyesha kwa ncha ya bisibisi. "Akikaa sawa, mkono unakataa kurudi. Akiteleza, unarudi kwa kuvutwa na chochote, hata uzito wa kijiko. Ndiyo maana mara hivi, mara vile." Aliirudisha mahali pake kwa koleo, akafunga, akajaribu mbele na nyuma mbele yao, mara nyingi. "Na mimi nina langu. Nilimwambia mteja nimeijaribu asubuhi, badala ya kuijaribu mbele ya macho yake. Wewe, binti, Jumamosi ijayo uje unioshee minyororo ya baiskeli. Mikono ikinuka mafuta utakumbuka kutochezea vya watu."

"Nitakuja, baba," Sisimizi alisema.

Ukungu ulikuwa umeondoka walipotoka. Walipita tena mtoni, bibi akarusha, na rili ikavuta vizuri bila kurudi hata nusu mzunguko. Trauti wa pili alipoingia kapuni, Sisimizi aliuliza.

"Bibi, bado umenikasirikia?"

"Nimekasirika, ndiyo. Itapita." Bibi aliukunja mshipi bila haraka. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kuangusha kitu ni ajali. Hata mimi nimevunja vyungu vya watu. Kosa lako ni kunyamaza, na ulinyamaza mara mbili. Mara ya kwanza uliogopa kugombezwa, hilo kila mtoto hulifanya. Mara ya pili ulinyamaza kwa kunihurumia, ukaona heri bibi afurahi na uongo. Hiyo ndiyo iliyoniingiza majini. Kama uongo ule ungeniuma, ningechunguza ni nini. Ulikuwa mtamu, nikaufuata."

Sisimizi aliinamisha kichwa.

"Usinionee huruma ya namna hiyo tena," bibi alisema. "Babu yako amekufa. Ni wewe uliyeniambia leo, na nakushukuru. Sasa shika hii fimbo, nikuonyeshe namna ya kurusha."