Kiti cha Pikipiki Kubwa

Walikutana kwenye kaunta ya duka la spea, siku ya soko, watu wamejaa hadi mlangoni, mikono yao miwili juu ya kopo la mwisho la gundi.

"Dada, umeshika kidole changu."

"Kichukue kidole chako uende nacho. Gundi niachie."

Mwanamke alivaa gauni la kijani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Mji mzima ulimwita Dada Viti. Mwanamume alikuwa mgeni, fundi wa kuchomelea, jina la kazi Cheche. Chama cha madereva kilimleta aunde sanamu ya pikipiki ya vyuma chakavu, ndefu kuliko paa la shule, isimame njiapanda, kila apitaye ajue mji huu unaishi kwa magurudumu.

Cheche akamwachia gundi. Kava la kiti cha pikipiki hiyo akampa yeye ashone.

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula moshi. Wewe je?"

"Nakula maneno ya majirani. Wameshatuozesha."

Kava jekundu likapelekwa. Cheche akalirudisha: eti linabana. Akafumua, akashona upya. Likarudi: eti linapwaya. Akalirejesha kwenye vipimo vya mwanzo. Liliporudi tena, wateja wakaanza kuhamia kwa fundi mwingine, na saluni ya jirani ikacheka kwamba Dada Viti kashindwa na kiti kisichokaliwa na mtu. Akazima simu.

Asubuhi alivaa suruali ya kazi, akabeba kava begani hadi njiapanda, akapanda ngazi mwenyewe mbele ya madereva. Likaingia bila mkunjo hata mmoja.

"Cheche, linabana wapi?"

"Halibani."

"Linapwaya wapi?"

Cheche akavua miwani ya kazi. "Kiti ndicho cha mwisho. Kikikaa tu, natakiwa nisafiri. Nilikuwa natafuta siku za kukaa nawe."

"Ukazitafutia kwenye jina langu. Wateja wananikimbia, mwenzangu."

Cheche akawageukia madereva. "Wakubwa, kava lilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Mwongo ni mimi. Nilikuwa sitaki kumwacha."

Mmoja akapiga honi. Wengine wakafuata.

Dada Viti alingoja wanyamaze. "Panda ukaze boliti. Kwetu hawampokei mposaji aliyeacha kazi nusu."

"Nikimaliza leo?"

"Basi uje leo. Ila uoge kwanza."