Rivasi ya Pijo ya Marehemu Nguma

Uongo mimi huuza, sinunui. Haya kaniambia rafiki yangu Tinga, fundi wa magari wa Bofu.

Pijo kuukuu ya marehemu Nguma ilimtoa jasho tangu asubuhi. Kila akirekebisha fimbo za gia, rivasi, gia ya kurudi nyuma, inagoma. Na Margaret, binti wa marehemu, kesho yake alikuwa anaolewa, kaapa haendi kanisani ila kwa gari la babake. Akawa anakaa kiti cha dereva kumtilia fundi gia.

Mvua ikaja, stima ikapotea. Tinga akakomea mlango wa mabati wa gereji kwa ndani, akarudi chini ya gari akipapasa gizani.

"Tia ya kwanza, bibi harusi."

Kla.

"Rivasi."

Krrr.

"Mkono gani huo? Tia kama unamfinya mumeo," Tinga akafoka, akilegeza nati. "Haya, rivasi tena."

Kla. Ikaingia.

Mara mlango ukagongwa.

"Fundi, mbona umenifungia nje?" Margaret akaita. "Nilikwenda kununua mahamri, sasa yanalowa."

Juu ya Tinga gia ikatolewa, ikatiwa ya kwanza, taratibu, kama afanyavyo mtu anayelijua gari lake.