Mlo wa Bosi

Kila mchana, Chiriku alipotoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumlisha mdogo wake. Mama yao alikuwa fundi cherehani, na saa hizo mashine ilinguruma sebuleni bila kupumzika. Mdogo mwenyewe alikuwa na miaka miwili tu, lakini nyumba nzima ilimwita Bosi, maana hakuna aliyepona amri zake.

"Sitaki!" alisema Bosi siku moja, akafumba mdomo.

Chiriku alimbembeleza, akamwimbia, mwishowe akamshika kidevu na kumsukumia kijiko. Bosi akautema wali wa kijiko kile kwenye sare ya dada yake.

"Amekula?" mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Amemaliza, Mama!"

Kweli sahani ilikuwa tupu. Wali na maharage Chiriku alivila mwenyewe, na Bosi alikuwa chini ya meza akitafuna biskuti. Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi: Bosi alipata biskuti, na Chiriku akawahi kwenda kuruka kamba na wenzake.

Zilipopita wiki tano, wakaenda kliniki wote watatu. Muuguzi alimpima Bosi uzito, akatazama kadi, akampima tena.

"Mama, mtoto amepungua. Anakula kweli?"

"Kila mchana anamaliza sahani," mama alijibu. "Au ana ugonjwa ndani kwa ndani?"

"Ngoja tumpime damu."

Bosi alipoiona sindano, alimrukia dada yake shingoni akilia.

"Msimchome!" alisema Chiriku. "Chakula nilikuwa nakila mimi. Yeye nilimpa biskuti."

Mama alimgeukia Chiriku.

"Mbona hukuniambia amekushinda?" aliuliza.

"Niliogopa utasema mimi mvivu."

Muuguzi aliiweka sindano mezani. "Watoto wa umri huu wengi hukataa chakula," alisema. "Msimlazimishe. Mpeni kidogo kidogo, ashike kijiko mwenyewe, na mle naye pamoja. Biskuti kabla ya chakula, hapana."

Kesho yake mama alizima mashine, wakaketi mkekani. Bosi aliponda maharage, akajipaka mpaka masikioni. Hakuna aliyemfokea. Siku ya pili alilamba kijiko, akakirusha. Siku ya nne aliwatazama mama na dada yake wakila, kisha akatia mkono kwenye sahani ya Chiriku.

"Changu!" akaamuru, akajaza mdomo.

Mwezi uliofuata walirudi kliniki, na kadi ilionyesha uzito umepanda. Muuguzi akamgeukia Chiriku.

"Mwanangu, mtoto kukataa kula halikuwa kosa lako. Kosa lilikuwa kutuficha. Jambo likikushinda, sema mapema. Ukinyamaza, anayeumia ni yule asiyeweza kujisemea."

"Nimeelewa, shikamoo," Chiriku alijibu kwa haraka, akiamkia badala ya kushukuru, na hata mama akacheka.