Makofi Mawili Mlangoni

Gari halikuwa na tangi, halikuwa na kebureta, halikuwa hata na ekzosi, na bado asubuhi ile lilinuka petroli.

Fundi alisimama mlangoni mwa gereji, mswaki mdomoni, akanusa tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyeing'oa ile injini kwa winchi ya kuazima. Ndiye aliyetoa tangi, akaosha kila kona kwa sabuni ya unga, akafunga mota ya umeme mbele na kupanga betri nyuma, chini ya kiti. Kazi yake ndiyo hiyo. Watu humletea magari ya zamani, ya baba zao na babu zao, mazuri kwa sura na mabovu kwa tabia, naye huyatoa moshi akayatia umeme. Wateja humtania kwamba anayaachisha sigara uzeeni.

Lakini gari hili halikuwa la mteja. Lilikuwa la marehemu baba yake, na mtaa mzima uliwahi kulijua kwa sauti kabla ya kuliona. Likiwashwa, vioo vya madirisha ya jirani vilitetemeka. Mama yake ndiye aliyekuwa akikaa kiti cha mbele, akielekeza njia hata pale ambapo njia ni moja, mpaka mumewe akambandika jina la Konda. Jina lilimkaa, na yeye akalivaa. Kila akishajiweka sawa, alitoa mkono dirishani akaupiga mlango kwa kiganja, pa, pa, kama makonda wa mabasi, akasema, "Haya, twende." Hapo injini hunguruma. Fundi alipokuwa mtoto, akiachwa nyumbani, alitega sikio chumbani: makofi mawili, kisha ngurumo, na hapo alijua wazazi wameondoka na kopo la sukari ni lake.

Baba alifia hospitali. Tangu wamzike, mama hakuwahi kuvuka geti. Alikaa dirishani akidonoa chakula kama ndege, akipungua mwaka mzima mbele ya macho ya mwanawe. Kifua chake hakikustahimili tena moshi, kwa hiyo fundi akapata wazo. Atalitia gari la baba umeme, liwe safi, liwe kimya, na mama atatoka tena. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba ndani kusiguswe kitu. Basi usukani ukabaki ule ule, pedali ya klachi ikabaki ingawa haikuwa na kazi kubwa tena, hata redio iliyokufa zamani ikaachwa kwenye dashibodi bila waya hata mmoja nyuma yake. Injini ilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ikayeyushwa.

Fundi alitema povu la mswaki, akajiambia harufu ya miaka mingi haitoki kwa sabuni ya siku chache. Akafungua mlango wa gari kuangalia mita ya betri. Jana jioni alilichaji mpaka likajaa. Sasa lilikuwa chini ya nusu, na matairi hayakuwa yamesogea hata kidole kutoka kwenye mstari wa chaki aliouchora sakafuni.

Umeme ukivuja huacha alama. Fundi alipima kila waya, akagusa kila kiungo, hakuona alama. Usiku uliofuata umeme uliliwa tena, na uliofuata vilevile.

Upande wa pili wa nyumba, mama alianza kula. Alimaliza sahani akaomba nyongeza. Alitoa gauni lake la maua sandukuni, akajipaka manukato ya waridi aliyokuwa ameyaacha, na kila baada ya chakula cha mchana alikwenda gereji akakaa kwenye kiti chake cha mbele, mlango wazi, viatu amevivua. Fundi alifurahi. Alimsimulia kila mteja kwamba gari limemrudisha mama yake duniani, na furaha ile inamuuma mpaka leo kuliko yote yaliyofuata.

Maana mama alikula, lakini hakunenepa. Saa yake ya mkononi ilianza kuteleza mpaka kwenye kiwiko. Mashavu yaliingia ndani. Chakula kilikuwa kikipita mdomoni mwake kwenda kushibisha kitu kingine.

Siku moja, jua la mchana likiwa limewafungia watu ndani, fundi aliweka chini bisibisi yake akasikia mama anacheka. Kicheko kidogo, cha mwanamke anayetaniwa. Akatembea taratibu mpaka kwenye nguzo ya gereji, na harufu ya petroli ikamkaba koo kana kwamba mtu amemwaga dumu zima miguuni pake, na pale, kutoka kwenye ile redio isiyo na waya, akasikia mkwaruzo, kisha kikohozi, kile kikohozi alichokisikia kila alfajiri ya utoto wake, kisha sauti ya baba yake, ya chini, yenye usingizi kidogo, ikisema, "Konda, umefunga mlango?", na mama akajibu, "Nimefunga, dereva wangu," ilhali mlango ulikuwa wazi, na kwenye kiti cha dereva, ambacho hakikuwa na mtu, pedali ya klachi ikashuka polepole mpaka sakafuni, ikakaa hapo, halafu ikapanda kwa utulivu, vile inavyopandishwa na mguu wa mtu anayejua kuendesha.

Fundi alirudi kinyumenyume. Alijikuta jikoni, amekumbatia chupa ya maji, hajui ameitoa wapi.

Mama alipoingia, alimkuta hapohapo.

"Mama," fundi alisema kwa kunong'ona, "unaongea na nani kule?"

"Unajua."

"Baba amekufa. Tulimzika."

"Nani amesema hakufa?" Mama aliketi, akaisukuma saa yake ipande mkononi, ikateleza tena. "Punguza sauti. Anasikia."

Kesho yake fundi alimwita Bi Cherehani. Huyu alikuwa mshona nguo wa mtaa wa nyuma, mwanamke mnene asiye na subira, ambaye watu walimpelekea sketi za kupunguza na pia mambo yasiyosemeka. Alikuja na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Akalizunguka gari mara moja, akanusa kwenye tundu la mbele ilipokuwa injini, akauliza injini yenyewe iko wapi.

"Imeshayeyushwa, bibi."

Bi Cherehani alifunga macho. "Humo ndimo alimokuwa anakaa. Miaka yote. Hakuwa na neno na mtu. Alikuwa na joto lake, na kelele zake, na moshi wake. Wewe mwanangu umembomolea mtu nyumba bila hata notisi."

"Si baba, basi?"

"Marehemu hawaendeshi magari. Huyu ni jini, na yale maneno ameyaokota humu garini, mlivyokuwa mnaongea. Muulize jambo lililosemwa nje ya gari, utaona atakavyobabaika." Akashusha sauti. "Umeme wako haumtoshi. Anataka pa kukaa, penye joto. Na mama yako, tangu afiwe, yuko kama nyumba iliyoachwa mlango wazi."

"Basi mtoe. Nakuomba. Sina mwingine."

"Mimi nitafukiza tu. Neno la kumtoa atalisema aliyemkaribisha."

Ilimchukua fundi siku nzima ya kubembeleza, kulia na kunyamaza, ndipo mama akakubali. Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, Bi Cherehani alichoma dawa zake kwenye bati. Mama alikaa kwenye kiti chake, amevaa gauni la maua. Fundi alisimama nje akiwa ameshika bega lake kupitia dirishani, na bega lilikuwa jembamba kama mpini.

Redio ilikwaruza. "Konda, umefunga mlango?"

"Dereva wangu," mama alisema, "siku ile hospitali uliponishika mkono, uliniambia nini?"

Mkwaruzo ukakoma. Pedali ikashuka, ikapanda, ikashuka tena, kama mtu anayebadilisha mguu kwa fadhaa. Harufu ya petroli ikazidi mpaka macho yakawachoma wote watatu, na springi za kiti cha dereva zikalia taratibu, kana kwamba aliyekikalia amegeuka kumtazama mama kwa karibu, na sauti ikarudi, ile ile, laini, isiyopanda wala kushuka, "Konda, umefunga mlango? Konda, umefunga mlango?"

Mama alilia bila sauti. Kisha akasema, "Toka." Na baada ya kitambo, kwa sauti ya chini zaidi, "Tafadhali."

Harufu ikakatika palepale. Klachi ikatulia. Hata hewa ya gereji ikawa nyepesi.

"Umesema kwa moyo?" Bi Cherehani aliuliza.

"Nimesema."

Bi Cherehani alimtazama mama muda mrefu, akaikunja futi yake. Alipokuwa akiondoka, alimwambia fundi gari lisiachwe na moto wa betri. Fundi akachomoa fyuzi kubwa, ile ambayo bila hiyo umeme wa betri hauwezi kuifikia mota kwa njia yoyote, akaitia mfukoni mwa aproni, akaifunga gereji kwa kufuli.

Yeye na mama walikaa jikoni mpaka chai ikapoa.

"Aliniambia nisimngojee," mama alisema. "Baba yako. Siku ile. Alisema, usiningojee, toka nyumbani, tembea. Yule hakulijua hilo."

"Kwa hiyo umeona si yeye."

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Baba yako hakuwahi kuniuliza kitu mara mbili."

Fundi alimshika mkono. "Sasa kwa nini, Mama?"

"Ana sauti yake," mama alisema. Akainuka, akambusu kwenye paji la uso, jambo ambalo hakulifanya tangu fundi aanze kupita urefu wake, akaenda kulala.

Kabla hakujapambazuka, fundi alisikia kofi. Kisha la pili. Pa, pa. Yalitoka upande wa gereji, nayo yalimpata katikati ya usingizi wa mtu aliyekesha siku nyingi. Alifumbua macho gizani. Akatega sikio, kama alivyofanya utotoni, akingoja ngurumo. Alingoja. Vioo havikutetemeka. Hakuna kilichonguruma. Nikwambie, sikio lililolelewa na injini halijui kingine: bila ngurumo, gari halijaondoka. Likamwambia ameota, kila mtu yuko mahali pake. Fundi, ambaye kwa mikono yake mwenyewe aliiondoa sauti ile na kujisifia kimya chake, alivuta shuka, akashukuru, akalala.

Asubuhi kufuli lilikuwa limening'inia wazi, geti limesukumwa mpaka mwisho. Mstari wa chaki ulikuwa peke yake sakafuni. Aproni ilikuwa kwenye msumari wake, na fyuzi ilikuwa mfukoni.

Mfagia barabara ndiye aliyeliona gari, juu ya kilima penye tangi la maji, mahali ambapo wazazi wa fundi walizoea kwenda siku za mapumziko kuutazama mji. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mkanda umefungwa vizuri, viatu amevivua na kuvipanga. Alikuwa amepoa zamani. Hakuwa na jeraha. Uso wake ulielekea kwenye kiti cha dereva, na kwenye kiti kile hapakuwa na mtu, ila pedali ya klachi ilikuwa imebanwa mpaka sakafuni, na ilipanda yenyewe, taratibu, fundi alipofungua mlango.

Walimzika mama kando ya mumewe. Fundi alilivuta gari kwa kamba hadi gereji, akatoa betri zote, akatoa mota, mpaka likabaki bodi na viti. Alimwomba Bi Cherehani aje tena. Bi Cherehani alifika getini, akanusa, akamshika fundi mikono yote miwili, akasema yeye anaweza kumtoa jini, lakini hawezi kumtoa mtu hamu. Wateja wakaanza kupungua, na fundi hakuwafuata.

Mchana mmoja, jua likiwa limewafungia watu ndani, gereji ilinuka manukato ya waridi.

Redio ilikwaruza. "Haya, twende," ilisema, kwa sauti ya mama yake.

Alikaa sakafuni kando ya mlango wa gari, akalia kilio ambacho hata makaburini hakikutoka. Alipoweza kusema, aliuliza, "Mama, usiku ule jikoni, uliniambia nini?"

Redio ikanyamaza. Ndani ya gari, bila mguu, klachi ikashuka, ikapanda.

Basi akajua si yeye. Akajua kama mama yake alivyojua. Lakini kesho yake, baada ya chakula cha mchana, alirudi, na kesho yake tena. Siku hizi husimama nje ya ile bodi tupu, akasikiliza, "Haya, twende," mpaka jua lishuke. Juzi alinyoosha mkono bila kufikiri, akaupiga mlango kwa kiganja, kofi moja.

La pili bado amelizuia.