Pikipiki ya Shemeji

Mama Pacha alikuwa mshona mapazia katika karakana moja. Alishona vizuri na haraka, na mdomo wake nao haukupumzika. Yeye na mumewe walikuwa wamekaa miaka miwili katika nchi ya ugenini. Mumewe alikata vitambaa katika karakana hiyohiyo. Watoto wao pacha walikuwa darasa la pili, na lugha ya wenyeji waliijua kuliko wazazi wao.

Katika chumba cha jirani aliishi mwokaji mikate, mtu wa kwao. Kwa kuwa alikuwa rafiki wa mumewe, Mama Pacha alimwita Shemeji. Mumewe alimwita Mwokaji. Mwenyewe aliitika yote mawili, basi hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku Shemeji alipopata likizo ya kwenda nyumbani, aliwaletea ufunguo wa pikipiki yake.

"Shemeji, itumie tu," alimwambia Mama Pacha. "Ikikaa mwezi mzima bila kuwashwa, betri itakufa."

"Na kadi yake?" mume aliuliza.

"Kadi naondoka nayo. Karatasi muhimu ile, isije ikapotea."

Wote watatu waliona hiyo ni busara. Hapo ndipo walipokosea, tena kwa nia njema kabisa.

Mama Pacha alikuwa akiendesha pikipiki tangu usichana wake, na leseni ya nyumbani alikuwa nayo. Jumatatu asubuhi alifunga mapazia ya mteja nyuma ya kiti, akavaa helmeti, akaondoka akiwa na raha zake. Hakufika mbali. Askari wa trafiki alimsimamisha.

"Leseni," askari alisema. Mama Pacha akatoa. Askari akaigeuza mbele na nyuma. "Hii si ya hapa. Kadi ya pikipiki iko wapi?"

"Anayo mwenyewe. Amesafiri."

"Mwenyewe ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Jina lake?"

Mama Pacha alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo haukutoa neno. Miaka miwili alikuwa amekula na mtu huyo, amemuuguza mafua, amemshonea mapazia. Jina lake hakulijua.

"Unaendesha pikipiki ya shemeji yako, na jina lake hulijui?" askari aliuliza taratibu.

Pikipiki ilipelekwa kituoni. Mama Pacha alipewa karatasi: afike Alhamisi saa nne, na uthibitisho wa mwenye pikipiki. Asipokuwa nao, suala litachunguzwa kama wizi. Alirudi kwa miguu, mapazia kichwani, machozi yakimtoka.

Mumewe aliposikia alikaa kitako. "Mwezi ujao tunaomba vibali vipya vya kuishi," alisema. "Ukiwa na kesi ya wizi, watatupa kweli? Na watoto je?"

"Kwanza niambie jina la rafiki yako."

Mume alikuna kichwa. "Mwokaji," alisema.

Walipiga simu ya Mwokaji. Haikupatikana. Basi wakapanda ghorofani kwa mwanamke ambaye jengo zima lilimwita Dada Sheria. Alifanya kazi katika ofisi inayowasaidia wageni mambo ya sheria. Aliwasikiliza hadi mwisho. Hakucheka, ingawa sehemu ya jina ilimpa taabu kidogo.

"Leo umebahatika, mdogo wangu," alisema.

"Bahati gani hii, dada?"

"Hukumgonga mtu. Bima ya pikipiki ile nadhani inamtaja mwenyewe tu. Ungemgonga mtu, bima ingeweza kukataa kulipa, na gharama za hospitali zingekuangukia wewe. Na kesi juu yake."

Mama Pacha alivuta kiti, akaketi.

"Na leseni ya nyumbani?" mume aliuliza.

"Hapa mgeni anaruhusiwa kuitumia miezi sita tu. Nyinyi mna miaka miwili. Kila nchi ina sheria yake. Mkihamia kwingine, ulizeni upya, msiseme mbona kule tuliachiwa."

"Lakini mwenyewe alinipa ufunguo," Mama Pacha alisema.

"Mimi nakuamini. Askari ataaminije? Ufunguo hausemi umepewa au umeiba. Ukiazimwa chombo cha mtu, omba kadi, bima yenye jina lako, na barua ya mwenyewe iliyotiwa sahihi. Ndugu wa kweli hatanuna."

Mume alishusha sauti. "Nina rafiki anayemjua askari mmoja pale. Tukimpa kitu kidogo..."

"Hapo sasa ndipo utapata kesi ya kweli," Dada Sheria alimkata. "Alhamisi nendeni kwa wakati. Semeni ukweli. Msitie sahihi karatasi msiyoielewa, ombeni mkalimani. Mimi nitakuja."

Jumanne simu haikupatikana. Usingizi ukawa wa kuazima. Jumatano mchana, mume akiwa na mkasi mkononi, simu ikaita. Alikuwa Mwokaji. Kijijini kwao mtandao ulikuwa wa shida.

"Jina lako nani?" mume alimuuliza kabla ya salamu.

"Unaumwa?"

Alipoelezwa, Mwokaji alishtuka kuliko wao. Saa ileile alipanda gari hadi mjini, akapiga picha kadi na pasipoti yake, akaandika barua, akatia sahihi, akatuma.

Alhamisi askari alisoma kila kitu mara mbili. Alimpigia Mwokaji simu. Kisha akamwita Mama Pacha.

"Si wizi," alisema. "Suala hilo nimelifunga. Kwa leseni nakupa onyo la maandishi. Pikipiki itabaki hapa hadi mwenyewe aje aichukue."

Mama Pacha aliketi kwenye benchi la kituo, akalia. Mumewe alimpa leso. Nje alivuta pumzi ndefu, akasema, "Nilikuwa nimekufa, sasa nimefufuka." Njia nzima alizungumza peke yake, na mumewe alifurahi kumsikia.

Mwokaji aliporudi, alienda kuichukua pikipiki yake, kisha akawaletea mkate na maneno ya kuomba radhi. Mama Pacha alijiandikisha kwa mtihani wa leseni ya nchi hiyo. Aliufaulu mara ya pili, maana mara ya kwanza alibishana na mtahini. Mwokaji akaliingiza jina la Mama Pacha kwenye bima.

Kabla ya hayo yote kukamilika, siku ya vibali ilifika. Katika fomu kulikuwa na swali: Je, umewahi kushtakiwa kwa kosa lolote la jinai? Mama Pacha alimtazama Dada Sheria, na Dada Sheria akatikisa kichwa. Onyo si mashtaka. Aliandika "Hapana" polepole, kwa herufi kubwa, kisha akakaa akilitazama neno hilo hadi karani alipomwomba fomu mara ya pili.

Vibali vilitoka baada ya wiki tatu, vyote vinne.